Pima waya kwanza ndo ununue sensa: jinsi ya kusoma nyaya za sensa za injini na mtandao wa CAN

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye kazi hii, watu wanatupa sensa nzima kila siku. Mashine ya kusoma kodi inatoa P0118, mtu anaona maneno "joto la kulanti" basi anachomoa sensa anaweka mpya, taa ya cheki injini inazima siku moja inawaka tena, anaweka nyingine, mwisho anaambiwa kontrolboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa. Wakati ile kodi haijasema hata mara moja kwamba sensa ni mbovu. P0118 inasema volti kwenye laini ya sensa ya joto zimezidi kiwango, bas. Na volti zinaweza kuzidi kwasababu waya umekatika njiani, au pini imerudi nyuma ndani ya soketi, au soketi ina kutu, au ethi ya sensa haipo, au kweli sensa yenyewe imekatika ndani. Sababu tano hizo na sensa ni moja tu kati yake.

Kwahiyo kitu cha kwanza kuweka kichwani ni hiki: kontrolboksi haioni joto, haioni presha, haioni hewa. Inaona volti tu. Kila sensa ni kifaa cha kugeuza kitu fulani kuwa volti, na waya ndo unapeleka. Ukishaelewa volti zinatoka wapi na zinarudi wapi, hata gari ambayo hujawahi kuigusa utaisoma.

Sensa za waya mbili

Tuanze na hiyo hiyo ya joto la maji maana ndo rahisi na ukiielewa umeelewa nusu ya kazi. Ndani ya kontrolboksi kuna volti 5, zinapita kwenye rezista, zinatoka kwenye waya mpaka kwenye sensa, zinapita kwenye sensa zinarudi ethi kupitia waya wa pili. Sensa yenyewe ni rezista inayobadilika, ikiwa baridi ukinzani wake ni mkubwa, ikipata moto unashuka. Sensa nyingi kwenye nyuzi 20 utakuta zina kama omu 2,000 mpaka 3,000, na injini ikishika moto wake wa kawaida karibu nyuzi 90 zinashuka mpaka omu 200 na kitu, 300. Kontrolboksi inapima volti zilizobaki pale kati ya rezista yake na sensa. Baridi volti nyingi, moto volti kidogo.

Sasa angalia uzuri wake. Ukichomoa soketi, umeme hauna pa kwenda, volti zinabaki 5 kamili, kontrolboksi inaelewa baridi kali na kwenye mashine utaona nyuzi hasi 40. Ukiunganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya, volti zinashuka sifuri, mashine itaonyesha joto kubwa ajabu, nyuzi 120, 140 huko. Hicho ndo kipimo chenyewe! Swichi ON injini imezimwa, chomoa, angalia data, unganisha, angalia data. Kama namba imeruka kutoka hasi 40 mpaka juu kabisa basi waya ni mzima, ethi ni nzima, kontrolboksi ni nzima, na sasa una haki ya kuilaumu sensa. Kama umeunganisha na namba haijasogea, usinunue chochote, tatizo lako mara nyingi liko kwenye waya au soketi. Angalizo tu, gari nyingine zikiona hitilafu zinaweka namba ya kubuni, kwa mfano nyuzi 80, ili injini iendelee kutembea, hiyo isikuchanganye, weka mita kwenye waya usome volti zenyewe. Na ujanja huu wa kuunganisha pini ni kwa sensa za joto za waya mbili TU, usije ukaunganisha pini za sensa usiyoijua.

P0117 ni kinyume chake, volti ziko chini mno, hapo fikiria shoti kabla ya kufikiria waya uliokatika.

Waya tatu

Hapa kuna volti 5 zinazokuja kulisha sensa, kuna ethi, na kuna waya wa signo, yaani volti za taarifa ya sensa, unaorudi kwenye kontrolboksi. Sensa ya throtoli (kilango cha hewa ya injini), sensa ya MAP (presha ya hewa ndani ya manifoldi), presha ya gesi ya AC, presha ya reli ya mafuta, nyingi ziko hivi. Throtoli ikiwa imefungwa unakuta signo kama volti 0.5, ikifunguka yote kama 4.5. Watu huuliza kwanini isianze 0 iishie 5, jibu ni kwamba zile nafasi za chini na juu zimeachwa makusudi, ili kontrolboksi ikiona 0 kamili au 5 kamili ijue hapa sio throtoli inaongea, hapa ni waya umekatika au kuna shoti. Mimi nikielewa hili ndo nilianza kuzipenda hizi nyaya.

Pedali ya mafuta za umeme zina sensa mbili ndani, gari nyingi ya pili inatoa nusu ya volti za ya kwanza, nyingine zinapishana moja ikipanda nyingine inashuka. Zote mbili lazima zikubaliane, zikitofautiana kontrolboksi inakunyima mafuta kwa usalama wako, na gari inatembea kinyonge.

MAP nayo ina kipimo cha bure. Swichi ON bila kuwasha injini, inasoma presha ya hewa ya nje, ukiwa usawa wa bahari nyingi zinatoa volti 4 na kitu, ukiwa milimani itakuwa chini kidogo na hiyo sio ubovu. Washa injini ya petroli isiyo na tabo iache ipumue yenyewe, inashuka mpaka 1 au 1.5. Isiposhuka kabla ya kuitukana sensa angalia mpira wa vakyumu, angalia na hewa inayoingia pasipotakiwa.

Utaratibu wangu wa kupima ni ethi kwanza, halafu volti 5, signo mwisho. Ncha nyekundu ya mita naweka kwenye pini ya ethi ya sensa, nyeusi kwenye hasi ya betri, sensa ikiwa imechomekwa na swichi ON. Inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi volti 0.1 nashuku. Wengi wanapenda kupima ethi kwa omu na gari imezimwa, lakini waya wenye nyuzi ishirini ndani uliobakiwa na uzi mmoja utakusomea karibu omu 0 vizuri kabisa, halafu ukipitisha umeme wa kazi unagoma. Hii ni muhimu zaidi kwenye zile ethi kubwa za kontrolboksi na injini, hizo pima volti zinazopotea wakati injini inapigwa stata au taa na feni ziko kazini.

Volti 5 ni za wote

Hapa ndo pesa nyingi za watu hupotea kwahiyo nitakaa kidogo. Kontrolboksi haitoi volti 5 tofauti kwa kila sensa, inatoa laini moja au mbili na sensa kadhaa zinagawana. Maana yake sensa moja ikipiga shoti, zote za laini ile zinakufa pamoja.

Ilikuja gari moja haivuti kabisa, kodi zimejaa, throtoli, MAP, pedali, na P0641 katikati yao, na mwenye gari ana orodha mkononi ya sensa nne aliyoambiwa anunue. P0641 ndo ile ya volti za kulishia sensa, na ilikuwa imekaa pale inasomwa kama kodi nyingine tu. Nikaweka mita kwenye pini ya volti 5 ya soketi ya MAP, ikasoma 0.6. Sikuitoa mita pale. Nikaanza kuchomoa soketi moja moja huku macho yako kwenye mita, throtoli, bado 0.6, presha ya reli, bado, nikafika sensa ya presha ya gesi ya AC iko mbele kabisa karibu na kondensa ambako inapigwa na maji na matope, nikachomoa, mita ikaruka 4.98. Nikaigeuza ile soketi kwenye mwanga, kutu ya kijani ilikuwa imejenga daraja kutoka pini ya volti 5 mpaka pini ya ethi, na kuchomoa ndo kumelikata. Sensa hata haikuwa na kosa. Tukaweka soketi mpya, kodi zote zikafutika, na ile orodha haikununuliwa hata kimoja.

Kwahiyo ukiona kodi nyingi za sensa tofauti kwa mpigo, usianze kuhesabu sensa, anza kutafuta kitu wanachochangia. Volti 5, ethi, fyuzi moja, au sehemu moja ambayo wayaringi wote unapita. Na ukichomoa sensa zote bado volti haijarudi, basi mara nyingi shoti iko kwenye waya wenyewe, fuata njia yake angalia panapogusana na chuma, mabano, sehemu za ekzosi.

Krenki na oksijeni

Sensa ya krenki ziko za aina mbili na ukizichanganya utapotea. Ya koili ina waya mbili, inajizalishia umeme yenyewe meno yakipita mbele yake, hiyo unaweza kupima omu, huwa kuanzia mia kadhaa mpaka elfu moja na kitu, na ukipiga stata upime volti za AC uone zinatoka. Ya Hall, inayohisi sumaku, ina waya tatu, inalishwa, inatoa signo ya mraba ya kuwaka na kuzima, na hiyo kupima omu hakukwambii kitu chochote. Ila usihesabu waya tu ukaamua, kuna za koili zenye waya tatu, ule wa tatu ni kinga ya kuzuia kelele za umeme.

Gurudumu la meno lina sehemu imeachwa makusudi, kwa mfano nafasi za meno 60 mawili hayapo, au 36 moja halipo, na lile pengo ndo linaiambia kontrolboksi krenki iko wapi. Ndo maana ukiunganisha waya za sensa ya koili kinyume signo inageuka, pengo linasomeka vibaya, na injini inaweza kugoma kuwaka au kuwaka kwa shida wakati sensa ni mpya na waya ni nzima. Ukitengeneza soketi ile weka alama kabla hujakata.

Sensa ya oksijeni ya kawaida yenye waya nne, mbili ni za hita na mara nyingi zina rangi moja, mbili zilizobaki ni signo na ethi yake. Haifanyi kazi mpaka ipate moto, nyuzi 300 na zaidi, ikishapata inacheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Zile za kisasa za masafa mapana zina waya zaidi na haziongei hivyo, usizipime kwa kanuni hii.

Sasa mtandao

Zamani kila kitu kilikuwa na waya wake. Ukitaka spidi ifike kwenye dashibodi, kwenye giaboksi na kwenye injini, unavuta waya tatu. Kadri vifaa vilivyoongezeka wayaringi ukawa mzigo mzito kweli. Bosch walianza kuunda CAN, mtandao wa kuunganisha kontrolboksi za gari, mwaka 1983 wakaitangaza 1986 pale Detroit, na Marekani ambako soketi ya OBD-II, ile unayochomeka mashine ya kusoma kodi, ililazimishwa kwa gari ndogo za modeli ya 1996, kufikia modeli za 2008 CAN ikawa ndo lugha ya lazima kwenye soketi ile.

Wazo lake ni nyaya mbili tu, moduli zote (kontrolboksi ya kila mfumo) zimejishikiza hapo, kila mmoja anasema alichonacho na anayekihitaji anachukua. ABS, moduli ya breki, inasoma spidi ya tairi inaimwaga kwenye mtandao, injini inachukua, giaboksi inachukua, dashibodi inachukua. Ndo maana sensa moja ya tairi inaweza kuzima spidomita na kuharibu ubadilishaji wa gia kwa wakati mmoja, na giaboksi haina kosa lolote. Wawili wakianza kusema pamoja hawagombani, kila ujumbe una namba, mwenye namba ndogo anaendelea na mwenye kubwa ananyamaza anasubiri zamu, na ule wa kwanza haukatiki hata kidogo.

Nyaya mbili zinaitwa CAN-H na CAN-L. Mtandao ukinyamaza zote ziko volti 2.5. Moduli ikiongea H inapanda 3.5 na L inashuka 1.5, kwahiyo kinachosomwa ni tofauti kati yao. Zimesokotwa pamoja kwa sababu hiyo, kelele za koili au alteneta zikigonga zinagonga nyaya zote sawa, tofauti inabaki ile ile. Na kila mwisho wa mtandao kuna rezista ya omu 120 ili signo isirudi kama mwangwi. Mbili za 120 sambamba zinatoa omu 60, na hiyo 60 ndo namba ya kuikariri.

Kupima: toa tamino ya betri, subiri dakika kadhaa moduli zitulie, weka mita ya omu kwenye pini 6 na 14 za soketi ya OBD. Ukipata karibu 60, nyaya kuu na rezista zote mbili zipo. 120, upande mmoja umekatika au moduli yenye rezista imechomolewa. Karibu na 0, H na L zimegusana. Isiposoma kabisa, umekatika kabla ya kukufikia wewe. Lakini gari nyingi za sasa zina moduli ya geti kati ya soketi na mitandao ya ndani, hapo ukipima soketi unapima kipande cha mpaka getini tu, na ukikuta sio 60 pale inaweza kuwa ndo ilivyoundwa, kwahiyo tafuta mchoro wa gari lile lile.

Rudisha betri, swichi ON, pima volti kila waya dhidi ya pini 4 au 5 ambazo ni ethi. Mita ya kawaida ni nzito haiwezi kufuata mapigo, inatoa wastani, utaona H kama 2.6 au 2.7 na L kama 2.3 au 2.4. Ukiona zote zimelingana wakati moduli ziko macho, zimegusana. Waya mmoja ukikaa 0, umegusa ethi. Ukiona volti 12, umegusana na waya wa betri na hapo zima haraka.

Kodi za U nazo zina namna ya kuzisoma. U0100 inasema kuna moduli haisikii kontrolboksi ya injini. Andika chini nani analalamika na anamlalamikia nani. Kama wote wanamlalamikia mmoja, nenda kwa huyo mmoja, na anza na fyuzi yake na ethi yake, maana moduli isiyo na umeme haiwezi kuongea na hilo sio tatizo la mtandao. Kama mashine haimpati yeyote, nenda kwenye nyaya kuu, chomoa moduli moja moja huku unaangalia mita kama tulivyofanya kwenye volti 5. Ukichomoa ile yenye rezista ndani omu zitaruka 120, hiyo ni kawaida usishangilie.

Utakutana pia na LIN, waya mmoja tu wa volti 12, taratibu, bosi mmoja anauliza wengine wanajibu, alteneta, waipa, vioo. Waya ule ukinyamaza unakaa karibu na volti za betri, ukikaa 0 muda wote kuna shoti au bosi wake hana umeme.

Mikono yako isilete ubovu mpya

Taa ya kupimia ya globu usiiguse kwenye volti 5, signo wala CAN, inavuta umeme mwingi kuliko saketi zile zinavyobeba na unaweza kuua kontrolboksi iliyokuwa nzima. Usitoboe waya kwa sindano, ingia kwa nyuma ya soketi kwa pini nyembamba, na usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini jike maana inatanuka na wiki ijayo gari inarudi na ubovu wa kuja na kuondoka. Ukiunga CAN, unga kwa risasi na mpira wa kusinyaa kwa moto, maungio mawili yasilingane sehemu moja, na usokote tena mpaka karibu kabisa na kiungio, sehemu iliyonyooka iwe sentimita chache tu. Ukikuta mafuta ya injini ndani ya soketi ya sensa fuata waya mpaka kwenye kontrolboksi uangalie na huko, mafuta hupanda ndani ya waya kama utambi wa taa.

Na ubovu wa kuja na kuondoka haupatikani kwa kuangalia, unapatikana kwa kutikisa. Gari moja dashibodi ilikuwa inazima kwenye mashimo halafu inarudi yenyewe, U0100 imehifadhiwa, kila aliyepima alikuta omu 60 akasema mtandao mzima. Nikaacha mita pini 6 na 14, betri imetolewa, nikawa natikisa wayaringi kipande kwa kipande kuanzia dashibodi kurudi nyuma, 60, 60, 60. Nilipokaa kwenye kiti cha dereva nikijisogeza ndo mita ikaanguka 2 ikarudi 60. Chini ya zulia reli ya kiti ilikuwa imekanyaga nyaya zote mbili, ngozi imelika, shaba inang'aa. Nikaziunga nikazisokota, nikazifunga kwenye njia mpya mbali na reli, nikarudisha kiti nikakalia nikaruka ruka juu yake, mita imetulia 60.3.